Msafiri wa Ukambani katika Stesheni ya Syokimau

Nchi ya Kitui haijapata kupitiwa na reli. Ile ya kwanza, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899, ilikata Makueni, ikaacha miji njiani: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, na Sultan Hamud ulioitwa kwa jina la Sultani wa Unguja. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, imefuata karibu njia hiyo hiyo. Basi mtu wa Mutomo au Ikutha aendaye Mombasa hushuka kwa barabara mpaka Kibwezi, na hapo hapati taabu, maana stesheni ni ndogo na wa kuuliza hakosekani.

Taabu iko Nairobi. Wazee wengi wakisikia stesheni ya Nairobi hukumbuka ile ya katikati ya mji. Gari la Mombasa haliondoki tena hapo, bali Syokimau, nje ya mji, katika jengo kubwa mno. Ajuaye hutoka mapema kwa motokaa, au hupanda gari la reli ya zamani liunganishalo stesheni hizo mbili. Asiyejua hujikuta mjini saa moja na nusu, hali gari la asubuhi huondoka saa mbili kamili.

Hata afikaye Syokimau mapema asidhani amekwisha kufika. Mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa askari wainuse, kisha hupitishwa katika mashine ionayo ndani, na mwenyewe hupekuliwa. Kisu hakipiti, hata kiwe cha kumenyea embe tu. Kitambulisho hutakiwa, nacho kisifichwe chini ya nguo sandukuni, kama wafanyavyo akina mama wengi kwa kuogopa wezi. Tikiti siku hizi huweza kukatwa kwa simu, na wazee wengi hukatiwa na watoto wao. Ni vema namba yake iandikwe katika karatasi, kwani simu huzimika.

Lakini kosa baya kuliko yote ni la gari lenyewe. Liko lisimamalo Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na yako ya haraka yapitayo stesheni nyingi bila kusimama. Mama aendaye kumtazama mgonjwa Kibwezi, akipanda lisilo lake, ataiona stesheni ya kwao dirishani ikirudi nyuma, asiweze kushuka ila mbali, na nauli ya kurudi aitafute mwenyewe. Yafaa karani aulizwe kabla ya kulipwa: je, hili husimama kwetu?

Tena gari halikai sana stesheni ndogo. Atokaye Nairobi kwenda Kibwezi, akipita Makindu, ambako hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 huwalisha wasafiri bure, na ainuke, achukue kiondo chake, asogee mlangoni.