Nelion: Ukuta uliowatoa jasho mabingwa kwa miaka 30

Je, msomaji, umewahi kusafiri kutoka Nairobi kuelekea Nanyuki asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaanza kujikusanya? Ukishapita Karatina, tupa macho upande wa kulia. Utauona Mlima Kenya umejitokeza waziwazi, ncha zake nyeusi zimesimama wima kama meno ya msumeno. Wengi wetu huutazama kupitia dirisha la matatu, tukasema, "Leo umeonekana," kisha tukarudia usingizi wetu. Mazoea, wahenga walisema, huleta dharau.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wenye dharau hiyo hadi nilipofunga safari ya siku nne, mwezi wa Januari, kupitia lango la Naro Moru. Siku ya kwanza tulilala kwenye kituo cha utabiri wa hali ya hewa, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili tulipenya kinamasi cha kupanda ambacho humeza kiatu mpaka kifundoni, tukaingia Bonde la Teleki lenye mimea mirefu kama minara, tukalala kambi iitwayo Mackinder. Usiku wa manane tukaamka kwenda Lenana, kilele cha tatu kwa urefu, chenye mita 4,985.

Sitakuficha, msomaji. Kichwa kilinigonga kama ngoma, na kila hatua tano nilisimama kutafuta pumzi. Jua lilipochomoza nilikuwa juu, nimekumbatia nguzo ya kilele, nikijiona shujaa. Kiongozi wetu, mzee aliyezeekea kazi hii, alinitazama akatabasamu.

"Hongera, kijana wangu," akasema. "Lakini hapa umetembea tu. Kule ndiko watu hukwea."

Akanyosha kidole kuelekea magharibi. Ng'ambo ya barafu palisimama ukuta wa jabali, mwekundu kwa miale ya asubuhi, umekatika kama uliochongwa kwa tindo. Katikati yake niliona vitone viwili vyenye rangi vikisogea polepole. Walikuwa watu! Ukuta huo ndio Nelion, mita 5,188. Nyuma yake umejificha Batian, mita 5,199, kilele kirefu kuliko vyote nchini. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali, na majibu yake ndiyo nakuletea leo.

Mbio za kufika kileleni zilianza zamani. Mwaka wa 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu akiwa Ukambani, akaeleza kwamba una theluji. Wasomi wa Ulaya walimcheka. Theluji kwenye Ikweta? Mwaka wa 1887 Teleki, mtu wa Hungaria ambaye bonde lile limepewa jina lake, alipanda hadi chini ya vilele akarudi. Mwaka wa 1893 Mwingereza John Walter Gregory alifika kwenye barafu, naye akarudi. Wakati huo Mjerumani Hans Meyer alikuwa amekwisha kufika kilele cha Kilimanjaro, mwaka wa 1889. Waingereza na Wajerumani walikuwa wamegawana Afrika Mashariki, na kila upande ulitaka sifa.

Ndipo akaja Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka huo wa 1899, na hilo lilimwokolea majuma mengi ya kutembea. Aliondoka Nairobi mwezi wa Julai na msafara wa Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai 2 wa kuonyesha njia. Ulikuwa mwaka mbaya. Njaa na ndui zilikuwa zimetapakaa, chakula kikaadimika, hata ikabidi watu watumwe Naivasha kutafuta cha kula.

Mackinder na Waitalia wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, wenyeji wa milima ya Alpi na wenye ujuzi wa kazi hiyo, walijaribu wakashindwa, wakajaribu tena. Hatimaye walipanda sehemu ya ukuta wa Nelion, wakalala jabalini bila hema, kisha wakavuka barafu iliyokuwa ngumu hata wakaiita ya Almasi. Walichonga vidato kwa shoka, kimoja baada ya kingine. Tarehe 13 Septemba 1899, saa sita mchana, watu hao watatu walisimama juu ya Batian.

Majina ya vilele Mackinder aliyachukua kwa Wamaasai. Mbatian alikuwa laibon wao mkuu, Nelieng nduguye, na Olonana, ambaye sisi humwita Lenana, mwanawe. Lakini wale wapagazi waliobeba mahema, kamba na unga mabegani mwao hakuna kilele kilichopewa majina yao. Tunaposema fulani alikuwa wa kwanza, tukumbuke nani alimbebea mzigo.

Baada ya Mackinder mlima ulifunga mlango. Wengi walijaribu, miongoni mwao wamishonari na walowezi, na wote walirudi mikono mitupu. Miaka 30 ilipita. Watu wakaamini kwamba lile lilikuwa jambo la mara moja tu.

Januari 1929 vijana wawili, Eric Shipton na Percy Wyn Harris, walifika chini ya ukuta ule niliouona. Mmoja alikuwa akifanya kazi ya shamba humu nchini, mwingine alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Viatu vyao vilikuwa vya misumari na kamba yao ya katani. Ikiwa wa mbele angeteleza, angemvuta mwenzake. Walipanda ukuta wote mpaka juu, wakawa wa kwanza kukanyaga Nelion, kisha wakateremka pengo liitwalo Lango la Ukungu na kupanda Batian. Mwaka uliofuata Shipton alirudi na Bill Tilman, mlowezi wa kahawa, wakapanda ukingo wa magharibi, ambao ni mrefu na mgumu zaidi. Mwaka wa 1944 Arthur Firmin, mpiga picha wa Nairobi, akafungua njia ya upande wa kaskazini pamoja na mwenzake. Kila aliyekuja alitafuta pale ambapo mwenzake hakuthubutu.

Mwafrika naye hakuachwa nyuma. Mwaka wa 1959 Kisoi Munyao alifika Batian, akahesabiwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Nchi ilipopata uhuru, Desemba 1963, ni yeye aliyepewa heshima ya kupeperusha bendera yetu huko mlimani.

Sasa sikiliza ajabu hii. Mwaka wa 1970 mkweaji aitwaye Ian Howell aliamua kujenga kibanda juu ya Nelion. Vifaa viliangushwa kutoka angani kwenye barafu iliyo chini ya ukuta, naye akavipandisha mwenyewe mgongoni. Alipanda mara 13, peke yake. Ukuta ule ule uliowarudisha mabingwa kwa miaka 30, mtu mmoja aliupanda mara 13 akibeba vifaa vya ujenzi! Kibanda hicho kinaitwa kwa jina lake.

Je, jabali lilikuwa limepungua? La hasha. Lililobadilika ni kipimo. Wakweaji hupima ugumu wa jabali kwa madaraja yanayoandikwa kwa nambari za Kirumi. Mjerumani Willo Welzenbach alipopanga madaraja hayo katika miaka ya 1920, aliweka sita tu. Daraja la VI lilikuwa ukomo wa uwezo wa binadamu. Ni kama mtihani ambao alama ya juu kabisa ni mia. Lakini vijana walifanya mazoezi mwaka mzima, viatu vya mpira laini vikachukua nafasi ya viatu vya misumari, kamba za nailoni zikachukua nafasi ya katani, na wanafunzi wakaanza kupata alama mia na ishirini! Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibidi wakubwa wa mchezo wakubali daraja la VII. Leo madaraja yamefika XII. Njia ya Shipton juu ya Nelion huhesabiwa kuwa daraja la IV.

Mtu anaposikia "la IV" hucheka, akadhani ni mchezo wa watoto. Hapo ndipo hatari ilipo. Nambari hiyo hupima jabali peke yake. Haikuambii kwamba hewa ya kule juu ni hafifu, kwamba kamba hufungwa na kufunguliwa karibu mara ishirini kabla ya kufika, au kwamba mawingu ya saa nane yanaweza kukuletea theluji. Septemba 1970, mwaka ule ule wa kibanda, daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya. Wakweaji wa Kenya walihangaika siku nyingi kumfikia na kumteremsha, mpaka wenzao wakaja kwa ndege kutoka Austria kuwasaidia. Judmaier alipona. Jim Hastings, rubani wa helikopta aliyekuwa akisaidia uokoaji huo, alianguka na chombo chake akafa. Njia ya kawaida, vifo visivyo vya kawaida.

Kuna na jambo la pili, nalo ndilo lililonisikitisha zaidi. Safari hii si binadamu peke yake aliyebadilika. Mlima nao unabadilika.

Kati ya Nelion na Batian hushuka mfereji mwembamba wa barafu uitwao Diamond Couloir. Kwa miaka mingi wakweaji waliutazama tu. Mwaka wa 1973 Phil Snyder, aliyekuwa mkuu wa mbuga ya mlima huu, na Thumbi Mathenge, Mkenya mwenzetu, waliupanda kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1975 Wamarekani Yvon Chouinard na Mike Covington wakapita moja kwa moja kwenye ukuta wa barafu ulio juu yake. Sifa zake zikaenea duniani, wakweaji wa barafu wakawa wanavuka bahari kuja kuupanda hapa Ikweta.

Nilipomwomba mzee anionyeshe mfereji huo tulipokuwa bondeni, alinionyesha mwamba mtupu wenye unyevunyevu chini, na utepe wa barafu iliyochakaa juu. Barafu ya Lewis, ile Gregory aliyoipa jina, imepoteza karibu sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Mackinder alikuta mabonge 18 ya barafu mlimani humu. Mengi hayapo tena. Njia ambayo Mathenge aliifungua imefungwa na joto.

"Zamani tulikuwa tukivuka barafu kuanzia hapa mpaka pale," mzee aliniambia, akichora mstari hewani kwa fimbo yake. "Sasa wageni wananiuliza barafu iko wapi. Nawaambia iko kwenye picha zao."

Basi, mpenzi msomaji, nani wa kujigamba? Mackinder alivuka barafu ambayo wewe hutaikuta hata ukiwa shujaa kuliko yeye. Wewe una viatu na kamba ambazo Shipton hakuziota. Kila kizazi hufanya mtihani wake, na karatasi ya maswali si ile ile. Kumcheka aliyetangulia kwa kuwa njia yake leo ni "rahisi" ni kumcheka aliyekufyekea shamba kwa sababu wewe unatembea bila kuchomwa na miiba.

Ikiwa una watoto, wapeleke wakauone mlima huu mapema. Si lazima mfike Lenana. Hata kutembea msituni hadi kituo cha hali ya hewa na kurudi kunatosha kuwafundisha mengi. Mkiamua kwenda juu, chukueni kiongozi anayetambuliwa, pandeni polepole, kunyweni maji mengi, na kichwa kikizidi kuuma teremkeni bila kuona haya. Kwa wanaotaka kukwea Nelion, kwanza jifunzeni kamba kwa walio na ujuzi. Januari na Februari ndio wakati wa ukuta wa kusini, nao ule wa kaskazini hukwewa kuanzia Juni hadi Oktoba.

Nami nimeahidi kurudi, mwanangu akifikisha umri wa kubeba mfuko wake mwenyewe. Naomba tu tukute bado kuna kipande cha barafu cha kumwonyesha.