Kupiga Window Mbagala

Stesheneri ya mama ilikuwa Mbagala Rangi Tatu: chumba kimoja, mashine ya fotokopi na kompyuta moja yenye Windows XP. Kila baada ya wiki chache virusi vya kwenye flashi za wateja viliilaza chali, nami naipakata CPU kwenye daladala hadi Kariakoo, fundi aipige window upya. Siku hiyo hakuna mauzo.

Aprili 2014, Microsoft ilipoacha kuihudumia XP, nikaamua kuhama. Rafiki yangu wa chuo alinipa Ubuntu 14.04. Ya bure, ya halali, na virusi vile havikuiweza. Mama aliuliza maana ya jina. Nikamwambia ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa "utu" wetu.

"Haya, tuuone huo utu wake," akasema.

Tuliuona mapema. Binti mmoja alikuja akilia: ripoti yake ya utafiti imepotea, flashi inaonyesha shotikati tupu. Nikaichomeka, na mafaili yote yakaonekana. Kirusi kilikuwa kimeyawekea alama ya kujificha, alama ambayo Windows huitii na Linux haiijali. Alilia tena, sasa kwa furaha. Mimi nikavimba kichwa.

Wiki iliyofuata akaja kaka mmoja na CV aliyoiandika kwenye Word. Nikaifungua kwa LibreOffice. Fonti zake hatukuwa nazo, mistari ikasogea, kurasa mbili zikawa tatu, jedwali la elimu likakatika katikati. Niliona. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nikaprinti hivyohivyo.

Jioni alirudi na bahasha mkononi. "Dada, wameniuliza kama kompyuta naijua kweli."

Mama alimrudishia hela yake. Mimi hakuniambia neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi nikarudi Kariakoo. Nusu ya diski tukaweka Windows 7 ya fundi, isiyo na leseni, maana ya dukani hatukuimudu. Nusu nyingine Ubuntu. Fundi akacheka: "Si uchague moja tu?"

Sikumjibu. Nilishachagua mara moja, na aliyelipa gharama alikuwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa flashi ya mtu, namuuliza kwanza: "Uliiandikia kwenye nini?" Na kabla ya kuprinti, namgeuzia skrini aangalie mwenyewe, hata foleni iwe imefika barabarani.