Tarehe 3 Juni

Kila mtu ana tarehe yake moja katika kalenda, ambayo huijua akiamka gizani kabla ya kuambiwa. Yetu ni tarehe 3 Juni. Wasomaji wapenzi wataijua mara moja kuwa ndiyo sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Lakini nyumbani kwetu habari ya Mashahidi na habari ya baba yetu mzazi zimesukwa pamoja kama ukili, wala hatuwezi kueleza moja tukaiacha nyingine.

Siku hiyo, mwaka 1886, ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Huko Namugongo, katika Buganda, vijana watumishi wa jumba la Kabaka Mwanga waliteketezwa kwa moto, kwa kuwa walikataa kuiacha dini. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alitengwa akachomwa peke yake; wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, wakachomwa pamoja. Wakatoliki 22 wa mateso yale walitangazwa wenye heri na Papa Benedikto XV mwaka 1920, kisha watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. (Papa Yohane XXIII, aliyemtangulia Paulo, naye alifariki tarehe 3 Juni, mwaka 1963.)

Katika vijana wale alikuwamo Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji, Mukaajanga, alikuwa mlezi wake, naye alimsihi sana aikane dini, au walau akubali kufichwa. Mbaga akakataa. Kwa huruma ya namna yake mzee akaamuru apigwe shingoni afe kwanza, ndipo atiwe motoni.

Tulipokuwa na umri wa miaka 13 katekista alitusimulia habari hiyo uani kwetu. Baba, ambaye hakuwa Mkristo, alikuwa akichonga mpini wa jembe, nasi tulidhani hasikii. Mara akaweka kisu chini akasema, “Mzee yule alimwomba mtoto wake neno moja tu ili amponye, naye akamnyima. Hiyo ndiyo dini mnayoitaka?” Katekista alinyamaza. Nasi tulinyamaza, lakini moyoni tulimwona baba yetu kuwa Mukaajanga wa pili.

Tulibatizwa tarehe 3 Juni iliyofuata. Baba hakutukataza, wala hakuingia kanisani. Alikuja mpaka chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa, akaketi akiupa mlango kisogo. Tulipotoka na nguo nyeupe aliinuka akaenda zake. Jioni alichinja jogoo, tukala, wala hakusema ni wa nini. Tangu hapo kila mwaka jogoo alikuja; hata tulipooa na kuhamia nyumba ya shule, alimleta mwenyewe tarehe 2 jioni, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Padre mmoja alitwambia kwa mzaha kwamba jogoo huyo anaijua kalenda ya Kanisa kuliko wabatizwa wengi.

Mambo hugeuka mtu akiwa mzazi. Tulipompata mtoto wetu wa kwanza tulianza kumfikiri Mukaajanga kwa namna nyingine. Hatusemi alitenda haki. Alitenda vibaya mno. Ila sasa, tukifundisha habari hii darasani, tukifika pale mzee anapomsihi kijana, sauti hutupungua, na watoto hutazamana.

Mwaka jana, siku za mwisho za Mei, baba alishikwa na homa kali. Padre alikuwa safarini kwenye vigango vya mbali, na mvua ilikuwa imekata njia. Twajua, kama ajuavyo kila Mkristo, kwamba penye hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza. Lwanga mwenyewe alimbatiza Kizito na wenzake kule Munyonyo, usiku, bila padre. Basi tulikaa kando ya kitanda na kikombe cha maji. Tulimwuliza kama anataka. Akanyamaza. Usiku wa pili tukamwuliza tena, akanyamaza, na mkono wetu ukatetemeka, maana maji yalikuwa tele, lakini neno lile halikuwa letu la kusema.

Usiku wa tatu aliuliza yeye. “Siku ile nilipoketi chini ya mwembe, ulinikasirikia?”

Tulitaka kusema hapana. Tukasema, “Ndiyo, baba.”

Akacheka hata akakohoa. “Mimi nilikuogopea. Nilidhani watakuchukua, usinijue tena.” Akakitazama kikombe. “Haya, mimina. Ila usinipe jina la mtoto. Mimi si kijana wa jumbani.”

Tulimpa jina la Mathias, kwa Mathias Mulumba, shahidi aliyekuwa mtu mzima wa miaka kama 50. Alikubali.

Homa ikampungua. Tarehe 3 Juni alikuja kanisani kwa fimbo, Padre akazitimiza sala zilizobaki za ubatizo, naye akaketi benchi la mbele, akigeuka mara kwa mara kuutazama mwembe mlangoni. Alifariki mwezi Agosti.

Mwaka huu Juni ilipokaribia tuliiogopa. Tarehe 2 jioni tulikuwa tukisahihisha daftari, tukasikia kitu kikipiga mabawa barazani. Alikuwa mama, peke yake, ametembea njia yote na jogoo kwapani. Tulimwambia hakuwa na haja ya kujisumbua.

“Baba yako hakuniambia niache,” akasema, akaomba maji ya kunywa.