Majirani Tusiowajua: Asubuhi Moja katika Mitaa ya Mombasa

Mtu aliyekaa mtaa mmoja miaka thelathini au arobaini aweza kukutajia watu wake nyumba baada ya nyumba: huyu ni mtoto wa fulani, yule ameoa kwa fulani, na duka lile zamani lilikuwa la fulani. Walakini mwulize habari za mti ulio mbele ya mlango wake, au za ndege aliaye juu ya dari yake kila alfajiri, utamwona akifikiri kidogo, kisha atakujibu, "Ni ndege tu." Nasi, wasomaji wetu wapenzi, tulikuwa miongoni mwa watu hao, mpaka asubuhi moja ya Jumapili tulipotoka kwenda kuwaamkia majirani hawa na kuandika majina yao.

Tulikusanyika baada ya sala ya Alfajiri mbele ya Ngome ya Yesu, ile ngome iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593. Tulikuwa watu tisa: vijana watano, kina dada wawili wanaosomesha chuoni, mzee mmoja aliyekuwa mvuvi maisha yake yote, na mwandishi wa maneno haya. Mizigo yetu ilikuwa michache sana: simu, daftari, kalamu na maji ya kunywa.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mtu akiona kiumbe, awe ndege, mdudu au mmea, humpiga picha kwa simu, na simu huandika siku, saa na mahali. Picha hiyo hupelekwa katika programu iitwayo iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani. Huko watu wengine, wajuzi na wanafunzi, huitazama na kusema huyu ni nani. Wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili yao juu ya jina la aina yake, habari ile hupanda daraja, na wanavyuoni wa ilimu ya viumbe huweza kuitumia. Mwaka 2016 miji miwili ya Marekani, Los Angeles na San Francisco, ilishindana kwa njia hii kuona upi utaandika viumbe wengi zaidi. Na tangu mwaka 2018 mashindano hayo yamefunguliwa kwa miji ya dunia nzima, hufanywa kila mwaka mwishoni mwa Aprili au karibu na hapo. Basi ilimu ambayo zamani ilihitaji msafara wa wataalamu leo yaweza kuanzwa na mtoto aliyesimama barazani kwao.

Tuliingia katika njia nyembamba za Mji wa Kale. Juu yetu mbayuwayu walikuwa wakikata hewa kati ya paa na paa; shomoro walikuwa wakigombana katika mianya ya kuta za mawe; njiwa walikwisha jipanga juu ya ukuta wakingoja nafaka zao. Katika ua wa msikiti mmoja tuliukuta mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini. Kijana mmoja alistaajabu alipoambiwa kwamba mti huu, ambao bibi yake humchemshia majani yake akishikwa na homa, asili yake ni Bara Hindi. Alidhani umeumbwa Mombasa. Hivyo ndivyo ulivyo mji wetu: watu wake walikuja na pepo za kaskazi na kusi, na miti yake kadhalika.

Hapo ndipo tulipopata funzo letu la kwanza, nalo halikuwa la ndege wala la mti. Kijana wetu mmoja, mwenye umri wa miaka 15, aliinua simu yake kumpiga picha mjusi aliyekuwa ukutani, na juu ya mjusi yule palikuwa na dirisha la watu. Mara tukasikia sauti ya mama kutoka ndani, "Wewe, mwanangu, wapiga picha nini nyumbani kwa watu?" Kijana aliingiwa na haya, akaishusha simu. Dada mmoja akaenda mlangoni, akatoa salamu, akaomba radhi, akaeleza. Mama yule alikuwa na haki, nasi ndio tuliokosa. Kwani ilimu haimpi mtu ruhusa ya kuchungulia sitara ya jirani. Tangu hapo tuliweka sharti: tusiinue simu mbele ya nyumba ya mtu mpaka tumebisha hodi.

Na adabu hiyo ilitufungulia mlango ambao simu isingeufungua. Mama yule aliposikia tutafutalo alicheka, akasema, "Kama ni vidudu mwavitaka, njooni mnitolee hivi vinavyonimalizia mndimu wangu." Akatukaribisha uani. Kweli, majani ya mndimu yalikuwa yameliwa, na juu yake palikuwa na viwavi wa namna mbili: wadogo weusi wenye baka jeupe, wafananao kabisa na kinyesi cha ndege, na wakubwa wa kijani. Dada yetu alimgusa mmoja mkubwa kwa ncha ya jani, naye akatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa chake, zenye rangi ya chungwa na harufu kali. Mama akaruka nyuma. Tukamweleza kwamba wale wadogo na wale wakubwa ni aina moja, na kwamba wote watakuwa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano, wale ambao yeye mwenyewe huwaona wakipita uani kila mwaka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Miaka yote hii nawaua watoto wa wageni ninaowapenda." Hatukumwambia awaache wala awaue, mti ni wake na ndimu ni zake. Walakini alituomba tumwachie tawi moja bila kuliondoa viwavi.

Tulipokuwa tukiaga, mama alituonyesha ncha ya tawi jingine. "Hapa," alisema, "chozi alikuwa akitundika kiota chake, kama kifuko kidogo. Kila mwaka. Siku hizi simwoni. Kunguru hawamwachi." Yule kijana wetu akafungua simu upesi, akaanza kuandika: chozi.

Mzee akamwuliza, "Umemwona?"

"Bibi amemwona, babu."

"Mwaka gani?"

Kijana akamtazama mama. Mama akafikiri. "Ilikuwa kabla ya kuolewa mwanangu wa pili," alisema, "au baada yake? Wallahi sikumbuki."

Mzee akasema kwa upole, "Basi andika uliyoyaona kwa macho yako." Na aliyoyaona kijana kwa macho yake ni kunguru watatu juu ya paa, na viwavi. Maneno ya mama tuliyaandika katika daftari, mahali pake pekee, kuwa ni maneno ya mama. Hatukuyachanganya na yaliyoonwa siku ile. Tulitoka tukiwa kimya. Ndege mzima ametoweka katika ua ule, mbele ya macho ya watu wenye akili na kumbukumbu, na hapana hata mmoja awezaye kusema ameondoka mwaka gani.

Yafaa hapa tuseme machache juu ya kunguru huyu. Jina lake twalijua tangu chuoni, katika kisa cha wana wawili wa Adam, alipokuja kunguru kumfundisha mmoja wao namna ya kuzika. Walakini kunguru wa mitaa yetu ya Mombasa, mwembamba, mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Kazi ya kula taka aliifanya, ila hakuishia hapo: hula mayai na makinda ya ndege wadogo, huchukua vifaranga vya kuku, na kila palipo na jaa yeye huongezeka. Kunguru mwenyeji ni mwingine, mnene kidogo, mwenye kifua na shingo nyeupe kama aliyevaa kanzu. Kijana wetu aliwahi kuipeleka picha ya huyo wa pili, aliyempata alipokwenda kwa shangazi yake Voi, akaandika jina la yule wa kwanza. Mtu asiyemjua, wa nchi ya mbali, akamsahihisha kwa maneno mawili. Alikasirika siku moja, siku ya pili akashukuru.

Kutoka Mji wa Kale tulipanda matatu, tukavuka Makupa na kufika Mikindani, kwenye ukingo wa Hori la Tudor. Tuliichagua saa hiyo kwa kuwa maji yalikuwa yakipwa. Tope lilikuwa wazi, na juu yake kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wakilipunga kana kwamba watuita. Yangeyange wawili walisimama katika maji machache. Na hapa mambo yaligeuka: vijana, waliokuwa mbele yetu asubuhi nzima, sasa walikuwa nyuma ya mzee.

Kwa macho yetu ile yote ilikuwa mikoko tu. Simu nayo ilitoa jina la kubahatisha kwa jani la kwanza, na jingine kwa jani la pili. Mzee hakutazama majani, alitazama mizizi. "Huu wenye miguu mingi kama buibui," alisema, "ndio mkoko wenyewe. Huu ambao mizizi yake yachomoza topeni kama kalamu, huu ni mchu. Na ule uliosimama mbele, karibu na maji, ni mlilana." Akatuonyesha mbegu ya mkoko, ndefu kama rungu, ambayo huota ingali juu ya mti kabla ya kuanguka. Akatuambia kwamba boriti zilizobeba dari za nyumba tulizopita asubuhi zilitoka katika miti ya namna hii, na kwamba mataruma ya vyombo hutengenezwa kwa mlilana. Hivyo paa la Mji wa Kale na tope la Mikindani ni ndugu, nasi hatukujua.

Vijana walipiga picha za mizizi, maua na mbegu, wakaandika majina kwa Kiswahili kama alivyoyataja mzee. Tuliona wazi kwamba hapana upande uliojitosheleza. Mzee alikuwa na majina, lakini hayakuwa mahali popote ila kifuani mwake, na kifua cha mwanadamu kina siku zake. Vijana walikuwa na chombo cha kuyahifadhi, lakini bila yeye wangehifadhi makosa.

Kuna kazi nyingine inayostahili kutajwa, kwa sababu yatibu ile huzuni ya uani kwa mama. Tangu mwaka 2013 uko mradi uitwao Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi katika miraba ya kiasi cha kilomita 9 kwa 9. Mwenye kujitolea huchagua mraba mmoja, akatembea ndani yake saa mbili kwa uchache, akaandika kila aina ya ndege amwonaye au amsikiaye, kwa utaratibu wa kuonekana kwao. Faida yake ni hii: picha moja husema tu kwamba kiumbe fulani yupo, lakini orodha kamili, ikirudiwa mara nyingi, husema pia ni nani hayupo. Laiti orodha kama hizo zingalikuwako katika mitaa yetu miaka 40 iliyopita, leo tungalijua chozi wa mama yule alituaga lini.

Na jambo hili si la kujifurahisha tu. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru hawa milioni moja. Mtu aweza kuuliza: kunguru wakipungua, ndege wadogo watarudi? Watarudi mitaa gani, na baada ya muda gani? Swali hili haliwezi kujibiwa na wakubwa walio maofisini peke yao. Litajibiwa na wenye nyua, wenye mindimu, wenye mabaraza, ikiwa wameandika jinsi mambo yalivyo sasa, kabla hayajabadilika.

Basi twawashauri wazazi na vijana waanze na kidogo. Chagueni mti mmoja au ua mmoja. Kila mwezi, siku moja, kaeni hapo saa moja pamoja na watoto. Andikeni siku, saa, mahali, mlichokiona, ni wangapi, na ni nani aliyekiona. Msichokiona msikiandike, na mlichosimuliwa kiandikeni kuwa ni masimulizi, pamoja na jina la msimulizi akiridhia. Msiguse viota. Msipige picha nyumba ya mtu bila idhini yake. Na mkipeleka habari za kiumbe adimu, au zilizotoka nyumbani kwenu, ficheni mahali penyewe, kwani programu ile huruhusu jambo hilo. Na mnapokwenda, msiende bila mzee.

Majuma matatu baadaye tulipita tena kwa mama yule, tukabisha hodi. Lile tawi alilowaachia viwavi lilikuwa halina jani, naye alilionyesha kwa fahari. Ukutani, kando ya mlango wa jikoni, alikuwa ametundika daftari la shule kwa uzi, na kalamu juu yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu kwa mwandiko wa mjukuu wake: kunguru wanne, saa moja asubuhi, kipepeo mweusi mmoja, saa nne, chozi, hakuonekana.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.