Taif: Mji wa Mawaridi Chini ya Mawingu Yasiyotulia

Msafiri atokaye Makka kwa njia ya al-Hada huipanda milima ya Sarawat kona baada ya kona, na kabla ya saa mbili kupita hujikuta kama aliye katika nchi nyingine. Chini ameacha joto la kukausha koo. Juu, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, hulakiwa na upepo wa baridi na mashamba ya komamanga, zabibu na mawaridi. Huo ndio Taif, kimbilio la watu wa Hijaz wakati wa kiangazi tangu zama za kale.

Wengi huisifu baridi ya mji huu, lakini majira yake ya machipuko yanataka tahadhari. Kati ya Machi na Mei, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Sham hupanda mteremko mkali wa milima iliyokwisha kupashwa moto na jua. Ikikutana huko juu na hewa baridi itokayo kaskazini, mawingu hujengeka kwa haraka. Asubuhi yaweza kuwa angavu, adhuhuri ikaja na vumbi, alasiri ikanguruma radi na mvua ya mawe, na magharibi ukungu ukafunika barabara. Mabonde makavu hufurika ghafla.

Majira hayohayo ndiyo ya mavuno. Waridi la Taif huchanua kwa wiki chache tu, nalo huchumwa alfajiri kabla jua halijaipunguza harufu yake. Hupikwa katika vyombo vya shaba, mvuke ukapozwa, yakapatikana marashi na mafuta. Inasemekana tola moja ya mafuta hudai mawaridi yapatayo 12,000. Mwaka 2024 UNESCO iliziorodhesha desturi za waridi hili katika urithi wa binadamu. Lakini orodha haizuii mvua ya mawe: robo saa yatosha kuyaangusha maua ambayo mkulima ameyangoja mwaka mzima. Na mkulima huyohuyo hawezi kuichukia mvua, kwani ndiyo ijazayo visima vyake. Qur'ani, katika Surat Ar-Ra'd, imeutaja umeme kuwa ni wa hofu na tamaa. Mkulima wa Taif anaijua maana hiyo shambani mwake.

Mahujaji na watu wa Umra kutoka kwetu nao huzuru Taif. Arudiye Makka kwa nia ya Umra hana budi kuhirimia Qarn al-Manazil, mahali paitwapo leo As-Sayl al-Kabir, yaani mafuriko makubwa. Jina lenyewe ni onyo. Mwanamume aliye katika shuka mbili huumizwa upesi na baridi ya mvua. Ajitande blanketi mabegani bila kufunika kichwa, na mwavuli unaruhusiwa. Wazee na watoto wachukuliwe nguo nzito. Barabara ya al-Hada hufungwa mawe yanapoporomoka, hivyo familia isiipange ziara hii siku ileile ya kupanda ndege.

Tena tukumbuke ni nani aliyetutangulia katika njia hii. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifika Taif pamoja na Zaid bin Haritha, akakataliwa na kupigwa mawe hadi akatoka damu. Alirudi na huzuni, wala hakuzindukana hadi alipofika Qarn, ambayo wanazuoni wengi wanasema ndiyo miqati hii. Aliinua kichwa, akaona wingu limemfunika kivuli, na ndani yake Jibril. Malaika wa milima alikuwa tayari kuwaangamiza waliomtesa. Mtume alikataa, akitaraji kwamba vizazi vyao vitamwabudu Allah peke yake.

Leo adhana husikika Taif kutoka kila upande, mawingu yakiwepo au yasipokuwepo. Wajukuu wa waliorusha mawe huamka alfajiri, wakaswali, kisha wakaenda kuchuma mawaridi.