Fundi wa Kalemie na treni ndogo ya mzee Mjerumani

Kule Kalemie walimjua kama fundi wa redio. Redio yako ikikataa kushika stesheni, ulimpelekea asubuhi, jioni ukaifuata. Vita vilimvusha ziwa hadi kambi za Tanzania, na leo anaishi katika mji mdogo wa Ujerumani. Kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza kama anajua kulehemu hata waya mmoja. Huko, bila cheti, wewe si fundi.

Jirani yake ni mzee aliyefiwa na mke, mwenye treni ndogo juu ya meza inayojaza chumba. (Ndiyo, ni watu wazima wanaozicheza, tena kwa pesa nyingi.) Zamani ziliendeshwa kwa kuongeza na kupunguza umeme wa relini. Siku hizi reli ina umeme wakati wote, na ndani ya kila kichwa cha treni kuna kidude, dikoda, kinachopokea amri na kuipa mota umeme wake. Kichwa kimoja cha zamani kilikuwa zawadi ya marehemu mke wake. Mzee alikifungia dikoda, ikatoa moshi. Ya pili nayo ikaungua kabla treni haijasogea. Alibaki na ya tatu, na aliogopa kuigusa.

Fundi aliomba kipima umeme tu. Waya zilikuwa sawa: nyekundu na nyeusi kutoka relini, ya chungwa na ya kijivu kwenda kwenye mota. Wengi huishia hapo. Yeye aliweka ncha moja ya kipimo kwenye mota, nyingine kwenye gurudumu la kushoto. Kimya. La kulia: kikalia. Hakikupaswa kulia.

Katika vichwa vingi vya zamani, brashi moja ya mota hugusa bodi ya chuma, na bodi hiyo hiyo hupokea umeme wa reli. Enzi zile halikuwa kosa, ndivyo vilivyoundwa. Lakini ukitia dikoda, umeme wa reli unaiingia kwa mlango wa kutokea, na inakufa hapo hapo. Mzee alilijua hilo. Alikuwa ametenga brashi kwa kipande cha plastiki, vizuri kabisa. Ila skrubu ya chuma ilipita katikati na kuviunganisha tena.

Wakaweka skrubu ya plastiki. Kipimo kikanyamaza pande zote mbili. Wakafunga dikoda ya tatu, wakaijaribu kwanza kwenye kipande cha reli chenye umeme mdogo, ambako kosa likibaki haliunguzi kitu. Mzee alishika meza kwa mikono miwili. Taa ikawaka, kichwa kikaondoka taratibu, kikazunguka meza nzima.

Usiku fundi alimpigia mama yake, aliyekwisha kurudi Kalemie. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli ya kwenda Kabalo. Mama akauliza treni hiyo inabeba magunia mangapi ya mahindi.

“Mama, inaenea kiganjani.”

Akacheka mpaka simu ikakatika. Jumamosi iliyofuata mzee alibisha hodi na marafiki wawili, kila mmoja na boksi kwapani.