Kabla Umwite Mtu Mwizi, Uliza Kompyuta

Wasee, leo wacha niseme ukweli. Hapa kwetu hesabu za pesa za umma zikikataa kulingana, wa kwanza kushukiwa ni yule mdogo zaidi ofisini. Kompyuta hakuna mtu anaishuku.

Binamu yangu yalimpata akiwa kwa mafunzo ya kazi. Alipewa orodha ndefu ya miradi ya kaunti moja, ajumlishe pesa zote. Kwa laptopu yake ya Linux ilitoka bilioni 5.1. Kwa ile ya bosi, ya Windows, ikatoka milioni 817. Faili ni ileile, programu ni ileile. Bosi akamuuliza mbele ya watu, "Wewe msichana, nani amekutuma upike hesabu?"

Jumamosi tukakaa chini na laptopu mbili, yake na nyingine ya Windows tuliyoazima. Faili tukalinganisha mstari kwa mstari: sawa. Toleo la Python na la NumPy: sawa. Tukakata orodha, tukabaki na mistari michache ya juu. Mashine zote zikakubaliana! Tukaanza kurudisha mstari mmoja mmoja. Jumla ilipopita tu 2,147,483,647, Windows ikaruka hadi hasi. Ikaendelea kupanda, ikapita sifuri, ikakaa milioni 817 kama pesa za kawaida kabisa.

Tofauti ya zile jumla mbili? 4,294,967,296 kamili. Hiyo ni mbili 32 zikizidishwa pamoja. Sasa niambie, ni mwizi gani anaiba kwa kipimo kama hicho?

Iko hivi. NumPy ya zamani, usipoiambia vingine, ilihifadhi namba kamili kwa kipimo cha lugha ya C kinachoitwa "long". Linux na Mac za biti 64 zinakipa biti 64. Windows inakipa 32, hata kama mashine yenyewe ni ya biti 64. Biti zikijaa, namba inazunguka na kuanza upya, kama mita ya gari mzee. Na jumla ikizunguka hivyo, hakuna onyo unaonyeshwa. NumPy 2.0 ya 2024 ilirekebisha hiyo mambo, lakini toleo la zamani bado linafanya vilevile.

Dawa ilikuwa kuandika "int64" mahali palipokuwa na "int". Herufi mbili tu zimeongezeka. Bosi alipoonyeshwa akasema "sawa", akarudi kwa simu yake. Ile aibu ilikuwa mbele ya watu, lakini pole haikusemwa hata pembeni.

So ukiona mashine mbili zinabishana, toa moja kwa nyingine kwanza uone tofauti ni ngapi. Jumlisha mistari kumi kwa kikokotoo. Ukishamaliza hiyo kazi yote na hesabu bado zinakataa, hapo sasa unaweza kuanza kuuliza watu.